Korongo Washenga wa Opiyo

Opiyo hakuwahi kukubali kwamba ndege wanaweza kupigana bure. Kwenye machimbo ya mawe ya Gatongora, yaliyojaa maji mpaka samaki wakajileta wenyewe, aliwafasiria majirani kila ugomvi wa korongo: huyu anadai nyumba, yule katukana wakwe. Wiki nzima alipakia maboksi kiwandani, lakini Jumapili baada ya kanisa alikuwa hakimu, tena hakimu mwenye kelele.

Shida yake ilikuwa moja. Alimpenda Naliaka, mshonaji wa pale kiwandani, na kwao mwanamume hajipeleki mwenyewe, hutumwa mshenga. Hapa Ruiru alikoishi angempata wapi? Wajomba wako Siaya, na rafiki yake Ndegwa angeenda kujiposea. Naliaka naye alikuwa anahamia Thika kesho yake, kazi mpya. Basi mtu mzima na akili zake akaamua kuwatuma korongo.

Jumapili hiyo akamketisha Naliaka juu ya jiwe pale machimboni. Korongo mkubwa akanasa samaki, mwingine akamvamia mdomo wazi.

"Unaona?" Opiyo akasema. "Huyo mkubwa anapigania samaki juu ya mpenzi wake. Mpenzi ni yule mdogo pale kwa matete. Huyo mkubwa ni mwanaume anajua kutunza."

Mkubwa akashinda. Akamtazama mpenzi, akammeza samaki mzima mzima, na mpenzi aliposogea akamdona kichwani hadi akatumbukia majini.

Naliaka akacheka hadi akashika mbavu. "Hiyo ndiyo kutunza? Nikule ugali na chumvi, halafu nichapwe?"

Jasho likamtoka Opiyo. "Huyo si wa huku. Amekuja juzi tu kutoka Thika."

"Na mimi naenda Thika. Opiyo, wachana na hao ndege. Unataka kuniambia nini?"

Aliona aibu, aibu hasa ya kuvunja desturi mbele ya vyura. "Nakupenda," akasema. "Tangu ile siku stima ilipotea kazini ukatuimbia kwa giza. Usihame kabla hujanijibu."

Nyuma yao vita vikaanza upya, vikubwa kuliko vyote, maji yakiruka na manyoya yakipeperuka. Opiyo hakugeuza hata shingo.

"Thika si mbali," Naliaka akasema. "Kuja Jumamosi. Na ukuje na samaki wawili."