Chanuo la Nyanya

Chanuo lilikuwa la mpingo, lenye meno mapana, na nyanya alilitia kwenye maji ya moto kabla ya kulipitisha kwenye titi la mama. Alichana kuelekea kwenye chuchu, taratibu. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya maziwa yaliyoganda kwetu Likoni, miaka ile ya vita vikuu vya dunia, na mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Mimi nilishika bakuli.

"Pauma hapa?" nyanya aliuliza.

"La, mama. Hapaumi hata kidogo."

"Basi ni maziwa tu, mwanangu. Ugonjwa ungekutoa machozi."

Mtoto akaachishwa, maziwa yakakauka, uvimbe ukabaki. Kisha kwapani pakatokeza tezi. Huo ni mtoki, wakasema wazee, akabandikwa majani ya mbono. Mgongo nao ukaanza kumsumbua, mpaka akawa hawezi kuinama kupalilia mihogo. Hiyo ni baridi yabisi, akakandwa kwa maji ya chumvi. Kila ugonjwa ulikuja na jina lake na dawa yake, na sisi tulihangaika na yote matatu. Baba alipomvusha kwa feri kwenda hospitali, daktari alimtazama, akamfunika shuka vizuri, akamwita baba pembeni. Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa.

Nilikuwa mtu mzima nilipomsikia muuguzi mmoja kule Changamwe akitufundisha sisi kina mama. Saratani zi nyingi, alisema: ya titi, ya mlango wa kizazi, ya ngozi, ya ini, ya damu. Nyingi huitwa kwa pale zilipoanzia. Ya titi ikihamia kwapani ni ya titi, na ikifika mfupani ni ya titi vilevile.

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Mama alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Nyanya simlaumu, maana alimpenda mkwewe kuliko sisi sote. Naukasirikia ule uvimbe, ulivyokaa kimya bila kuuma. Mpaka leo chanuo likigonga bakuli mwili wangu husisimka.

Nililirithi mimi. Sijawahi kulipitisha kichwani, wala sikuthubutu kulitupa.

Juzi binti yangu, mwenye mtoto mchanga, alilitoa sandukuni akaniletea pamoja na maji ya moto.

"Mama, nichane. Maziwa yameganda."

Nilipapasa ule uvimbe. "Pauma?"

Akacheka. "Wala hapaumi."

Nikayamwaga maji uani, nikamwambia avae viatu twende hospitali.