Picha za Harusi Ziwani Nzilo

Kolwezi haina bahari wala mlima wa kusifiwa, lakini Jumapili hatukukosa pa kwenda. Palikuwa na ukingo wa Mashamba, shimo la kuchimbia shaba, ambako tulitazama magari makubwa ya mgodi yakizunguka chini kama wadudu. Palikuwa na kilima chenye mabaki ya tanuru za kale, ambako watu wa nchi ile waliyeyusha shaba kabla reli haijafika. Na bora kuliko pote palikuwa ziwa la Nzilo, lililotokea mto Lualaba ulipozibwa kwa bwawa. Huko tulikula samaki wa kuchoma, tukalowesha miguu, na kumsikiliza baba akieleza bwawa lilivyojengwa. Maelezo yake yalirefuka kila mwaka.

Kwa hiyo dada yangu alipochumbiwa alitaka jambo moja tu: baada ya kanisa apigwe picha Nzilo, baba akiwa kando yake. Maharusi wengi wa mjini walifanya hivyo, kwa honi nyingi na vumbi jingi.

Ila harusi iliangukia mwaka ambao sisi wenye asili ya Kasai tulikuwa tunafukuzwa Katanga. Babu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Sasa mgodi ulikuwa umelegea, mishahara haiji, na lawama zote zikatupwa kwetu. Nyumba yetu ilikuwa imeshapata wenyeji wapya. Tulilala kwenye kituo cha reli juu ya mizigo, pamoja na familia nyingine nyingi, tukingoja treni ya Kasai ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Ikija, inajaa, inaondoka. Dada peke yake angebaki, maana mchumba wake alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga.

Asubuhi ya harusi mama alikataa kuacha mizigo. "Muende," alisema. "Lakini treni ikifika mi sitangoja mutu."

Misa ilikwenda vizuri. Maharusi wakapanda gari la kwanza. La pili liliendeshwa na mjomba wa bwana harusi, mpiga picha akiwa mbele. Nyuma tulikaa watatu: baba, mimi, na mama wa bwana harusi, mjane mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Niliwekwa katikati kama ukuta, kwa sababu ya heshima ya ukwe.

Kwenye barabara ya Nzilo vijana waliowasaka watu wa Kasai walikuwa wamefunga kamba. Gari la maharusi lilipita kwa vigelegele. Letu likasimamishwa.

"Jambo, mama. Munaenda wapi?"

"Ku Nzilo, kupiga bafoto. Mutoto yangu ameoa."

"Na huyu tata, huyu muzee, ni nani?"

Baba aliinamisha kichwa. Alimfuata babu Kolwezi akiwa kijana tayari, na Kiswahili chake kilikuwa na Kasai ndani yake. Neno moja tu lingetosha kumshusha garini.

"Ni bwana yangu," akasema mama mkwe.

Mjomba akashika usukani kwa nguvu. Mume halisi wa mama huyo alikuwa kaburini miaka mingi, na kwao mkwe haitwi bwana hata kwa mzaha.

"Tata, jambo!"

Baba akatazama magoti yake.

"Mbona hajibu?"

"Atajibu wapi? Tangu asubui hasemi na mutu! Nilimukatalia pombe mbele ya misa, njo maana amekasirika. Muangalie sura ile, siku ya ndoa ya mutoto yake! Munisaidie, batoto yangu, ni bwana gani huyu?"

Vijana wakacheka. "Tata, samehe mama. Leo ni furaha."

Baba, ambaye hakuwahi kuonja hata bia, alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayefikiria kusamehe.

"Eko mukali!" akasema mmoja wao. Akaifungua kamba, kisha akajibana mbele pamoja na mpiga picha. Naye alitaka kuona ziwa.

Tulipofika, kijana akasimama mikono kiunoni. "Ziwa hii Mungu alitengeneza yeye mwenyewe," alitutangazia. "Bazungu baliikuta tu." Baba alivuta pumzi, akafunga mdomo, akatoka jasho. Sijawahi kuona mtu akiteseka vile mbele ya mandhari nzuri.

Mpiga picha akaita wazazi wa bwana harusi. Baba akasimamishwa kando ya mama mkwe, upande usio wake, kijana akimwambia atabasamu. Dada, niliyekuwa nimeshamnong'oneza yaliyotokea kwenye kamba, alimtazama toka mbali. Kisha akainua gauni, akavuka majani, akamshika mkono.

"Mi nataka foto na tata-mkwe yangu," alisema. "Siye wawili tu."

Kijana akapiga makofi. "Bibi eko na heshima, huyu!"

Picha ikapigwa, maji nyuma yao, kichwa cha dada begani kwa baba.

Tulirudi, tukasimama tu kumshusha kijana kwenye kamba yake na soda mbili za harusi. Mjini tuliona watu wakikimbia na mafurushi vichwani, na mjomba akaacha kupiga honi.

Treni ilikuwa imeingia. Mama alikuwa ameshapandisha mizigo yote, amesimama mlangoni mwa behewa akitutafuta kwa macho. Nilipita chini ya mikono ya watu, akanivuta ndani. Baba alishika chuma cha mlango, akasukumwa, akateleza, akashika tena. Mama mkwe akamtia bega mgongoni.

"Panda, tata! Panda!"

Akapanda. Pale mlangoni akapata sauti. "Asante, mama," alimwambia mama mkwe, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Dada, ambaye gari lake lilitufuata hadi kituoni, alikuwa ameshika vidole vya baba toka chini. Behewa lilipoanza kusogea alitembea nalo, gauni amelikusanya kwa mkono mwingine, mpaka sakafu ya kituo ikaisha.