Kawa la Baba Yako

Siku ninayoikumbuka mie kila nikishika bakuli la mtindi ni ile Ijumaa bibi yako, mama yake baba yako, alipofunua kawa la mwanawe mbele yetu sote. Kaa hapa mwanangu, weka hiyo simu. Jana kwenye kichen pati makungwi wamekufunda weee, ya chumbani wameyamaliza yote, mie mama yako nikakaa kimya kama desturi inavyotaka. Leo ni zamu yangu, na ya kwangu ni ya jikoni.

Tulikuwa ndio kwanza tumehamia hapahapa Chamazi, enzi hizo huku kote mashamba ya mihogo. Kaka yako Hamisi ameanza tu kukimbia, dada yako Mwajuma ananyonya. Bibi yako hakuwa amewahi kufika kwangu. Yeye alitaka mwanawe aoe kwao Tanga, akaletewa mie, na maneno yakanifikia kwamba anakuja kuona kama mwanawe analishwa. Nilichanganyikiwa. Nikijua akirudi Tanga na sura ya kununa, basi mie kwenye ukoo ule sina changu.

Na kumlisha nilikuwa namlisha, jamani. Nilivyolelewa mie, chakula kizuri ni cha baba. Muuza maziwa akipita asubuhi na baiskeli yake, maziwa yale ni ya chai ya baba yako, yakibaki nayagandisha mtindi wake. Sie na chai ya rangi. Mayai yake, paja la kuku lake, akishiba ndipo Hamisi anafuta sahani. Mie je? Mie niko jikoni nakwangua ukoko, najiona mke wa kupigiwa mfano! Nikisimama naona kizunguzungu, nasema ni uchovu wa uzazi tu.

Siku hiyo nikapika hasa. Wali wa nazi, kuku, mchicha, mayai, na mtindi mzito bakuli zima. Nikavipanga kwenye sinia, nikafunika kwa kawa jipya lililosukwa kwa ukindu wa rangi, nikamwekea baba yako na mama yake mkekani. Bibi yako akauliza nyie mnakula wapi. Nikamwambia shaka ondoa mama, sie tutakula baadaye. Akanyanyuka taratibu, akaingia jikoni kwangu, akafunua sufuria, akakuta ukoko na mchuzi mwembamba. Akatoka, akarudi mkekani.

Akalifunua lile kawa, akaliweka kando. Akatuita wote mkekani, hata mie na Mwajuma kifuani. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Mwanangu kanenepa, mkamwana wangu kakonda. Hii nyumba haijala bado."

Akachukua bakuli la mtindi. Nikadhani anataka kuonja kama umeharibika. Akaniwekea mie mikononi, akaniambia ninywe kwanza kwa kuwa nanyonyesha. Nilipomaliza fungu langu akampa Hamisi. Baba yako macho yanafuata bakuli lake linavyozunguka, mwisho akashindwa.

"Mama, na mimi je?"

"Wewe umeshamaliza kukua," bibi yako akamwambia. "Kilichobaki ni kitambi."

Alicheka baba yako mpaka akapaliwa na wali. Hamisi naye anacheka hajui anacheka nini, mtindi mpaka puani. Mie nilicheka huku nalia. Tangu niolewe sikuwa nimekaa nikala chakula cha moto.

Alikaa kwetu mpaka mashavu ya Mwajuma yakajaa, na kila siku tulikula mkeka mmoja. Siku ya kuondoka alivua kanga yake ya juu, akanitanda mie mabegani, akamwambia mwanawe kwamba huyu uliyemuoa ndiye. Ile kanga ninayo mpaka leo.

Sasa nisikilize mwanangu. Mumeo mheshimu, mpikie vizuri, ila kizuri kile kiwe cha nyumba nzima. Huko Tandale unakokwenda soko liko mlangoni: maharage, dagaa, matembele, mapapai, vyote chukua kidogokidogo, sahani isiwe wali mtupu. Maziwa yachemshe mpaka yafoke, usiyafiche kungoja mgeni. Anayeyaona yanamsumbua tumboni mjaribishe mtindi. Mtoto mchanga ni ziwa lako tu mpaka muda wake wa uji ufike, na ukinyonyesha wewe usile mwisho, nakuomba sana. Soda iache iwe ya sikukuu. Na ukoko mkiupenda, ukwangueni wote, mtamu vilevile.

Baba yako huyo barazani anatusikia, muone anavyojifanya anasikiliza redio. Mpaka leo bakuli la mtindi likimfikia kukiwa na wajukuu, analipitisha mbele. "Mie nimeshakua," anasema, kisha anajishika kitambi.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba yenye kicheko wakati wa kula, watoto wenye mashavu, mume mwenye kitambi cha wastani, na mama mkwe kama wangu. Kawa lenyewe hili hapa, limepauka lakini zima, nenda nalo. Lifunike chakula nzi wasitue. Wenye njaa wakishafika mkekani, litoe.