Mama Anauliza kwa Kiingereza

Kuna watu wanasema mama yangu hajui Kiingereza. Waongo hao! Anauza vitenge Kariakoo, na amejifunza ukubwani, darasa la jioni. Maswali ndiyo yalimtesa. Sisi tunasema "Unataka nini?", Kiingereza kinataka hiyo "nini" itangulie. Alikariri huku akikunja vitenge mpaka nikachoka mimi.

Siku moja akaingia dada wa Kizungu, akashika kitenge, akauliza bei. Hata salamu hakuna! Mama akamwuliza kwa Kiingereza, kila neno mahali pake: umeamkaje, watoto hawajambo, nyumbani wazima? Mzungu akajibu yote, ndipo akatajiwa bei.

Kesho yake alirudi. Kabla hajagusa kitu akasema, "Shikamoo, mama."

Mama aliitikia marahaba iliyosikika mtaa mzima.