Pedali Juu ya Kichwa cha Baba Mkwe

Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji nilikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja mzungu wa Kasongo, mtu aliyeamini kwamba injini ina masikio. Lori likigoma, alilikemea. Likiwaka, alijipongeza. Kazi yangu ilikuwa kuleta pamba kutoka Kabambare, na nilijua vizuri kinachoningoja nikifukuzwa: kurudi kijijini kuilima pamba hiyohiyo. Serikali ilitupendelea zao hilo kiasi kwamba asiyelilima alifungwa, asije akakosa baraka.

Basi klachi ikaisha. Sisi tuliiita ambreyaji. Fundi akafunga sahani mpya ya klachi, na bwana akatoa hukumu: kesho lori lipande vilima vya Kabambare bila matata, la sivyo nitafute jembe.

Fundi huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Lori lilikuwa la kisasa, klachi yake inasukumwa na mafuta. Huko chini kuna fimbo fupi yenye nati. Ukiirefusha mno, pedali inakosa nafasi ya kupumua, klachi haishiki sawasawa, na sahani inajisugua mpaka inaungua. Kwa hiyo mmoja analala chini kuzungusha nati, mwingine anakaa juu anakanyaga na kusema inashikia wapi. Ni kazi ya watu wawili wanaoweza kuambiana ukweli.

Sisi hatukuwa watu hao. Kwetu mtu hainui mguu juu ya kichwa cha baba wa mkewe, hamwambii hapana, na akiweza hamtazami usoni. Mzee alipolala juu ya gunia chini ya lori, mimi nilipiga magoti nje ya mlango wa dereva, nikaibonyeza pedali kwa kiganja, uso nimeugeuzia ukuta. Bwana alisimama pale na mikono yake kiunoni, akitusimamia kwa ujuzi wote wa mtu asiyejua kitu. Mzee akauliza kutoka chini kama imekaa vizuri. Kiganja kinajua nini habari za pedali? Nikajibu, “Ndiyo, baba.” Ningejibu hivyo hata kama lori lingekuwa linawaka moto.

Kesho yake bwana alikaa kando yangu. Mzee alipanda nyuma, juu ya magunia matupu, maana kukaa naye goti kwa goti ilikuwa aibu nyingine. Katikati ya kilima injini ikapiga kelele kubwa, lori likatambaa, kisha likasimama. Harufu ya kuungua ikajaa. Bwana akaanza hotuba yake, akilitukana lori, kisha mimi, kisha watu wa Maniema kwa jumla, na mwisho akanikumbusha jembe. Niliogopa kweli. Nilikuwa na watoto, na nilijua mshahara wa pamba unavyoshibisha.

Tuliweka mawe chini ya magurudumu, tukasubiri klachi ipoe. Mzee akavua kofia, akatandika gunia, akaingia chini. Mimi nikavua kiatu, nikapanda, nikauweka mguu wangu mtupu juu ya pedali, juu kabisa ya kichwa cha baba wa mke wangu.

Akauliza kama imekaa vizuri.

“Bado, baba,” nikasema. “Iko inashika mubaya. Rudisha kidogo.”

Nikasikia spana ikizungusha nati. Nikasema bado tena, na tena, na kila neno lilitoka kwa shida, mpaka mguu ukapata ile nafasi ndogo kabla pedali haijakaza. Hapo nikasema basi.

Lori lilipanda. Bwana alitangaza kwamba ukali wake ndio uliolinyoosha, akaniachia usukani kwa huruma yake.

Kabambare, watu walipokuwa wakipakia pamba, mzee alikuja kusimama karibu nami, akitazama gurudumu. Akasema alijua tangu jana kwamba haikukaa vizuri. Mkono wake ulisikia fimbo imekaza. Nami nikitazama gurudumu lilelile, nikamwuliza kwa nini alinyamaza, na mimi nilikuwa napoteza kazi.

“Ulijibu ndiyo mbele ya muzungu,” akasema. “Nikuite muongo, na yeye iko anasikia?”