Mtani Asiyetaniwa

Nilipigiwa simu nikiwa Nachingwea, kwenye chumba changu cha ushauri nasaha, nikaombwa nifike machimbo ya kokoto upande wa Ruangwa, ukishapita Likunja. Mfanyakazi mmoja alikuwa amesimamishwa. Afisa utumishi alinieleza kwa kifupi: "Ana hasira. Ukituambia umemtuliza, anarudi kazini. Ukisema bado, tunaachana naye."

Mfanyakazi mwenyewe, Mmwera wa Lionja, nilimkuta ameketi juu ya tofali nje ya ofisi. Mikorosho yake ilikuwa imeungua kwa moto uliotoka shamba la jirani, na kibarua hicho ndicho kilichokuwa kinalisha nyumba. Aliniamkia, kisha akanisimulia.

Kwenye mashine ya kusaga kokoto yuko na Myao. Makabila yao ni watani. Kutwa wanaitana nyani, mwizi wa mihogo, maiti iliyosahau kufa, na wanacheka. Msimamizi wao, mzungu aliyekuja na mkandarasi, aliyasikia hayo akajifunza neno moja. Akaanza kuwaita nyani: wakichelewa, wakikosea, wakiomba maji. Mwanzoni walicheka kwa mshangao. Baadaye walicheka kwa sababu yeye ndiye anayepanga zamu. Mpaka huyu Mmwera alipomjibu: "Nguruwe aliyenyonyolewa wewe!" Jioni ile akakabidhi kofia na buti.

"Hasira ninayo, mama, sikatai," aliniambia. "Lakini mimi ukinipa dawa ya hasira, yeye utampa ya nini?"

Nikamuuliza niseme nini humo ndani.

"Sema kweli. Ila nirudi kazini."

Niliingia nikijua mambo hayo mawili huenda yasikae pamoja. Kazi yangu nimefundishwa kuifanya na mtu mmoja, mlango umefungwa. Hapa niliombwa nimtulize aliyetukanwa ili matusi yaendelee bila kelele.

Msimamizi alisema, afisa utumishi akitafsiri, kwamba anatania tu, kama wanavyotaniana wao. Yule Myao akaitwa athibitishe. Akacheka, macho yakiwa sakafuni.

"Unaona, daktari?" akasema afisa utumishi. "Wenyewe wanacheka."

"Mimi si daktari, na huyo wa nje si mgonjwa. Kama ni utani, basi mtani ajibiwe. Kaka, mtanie hapa hapa, kama unavyomtania mwenzako."

Myao akamtazama msimamizi.

"Mama, mimi nina watoto," akasema, akaomba ruhusa ya kutoka.

Afisa utumishi hakutafsiri. Nilimwomba atafsiri. Akafanya hivyo taratibu, na uso wa msimamizi ukawa mwekundu.

Mmwera alirudishwa kazini, na neno lile halikusikika tena. Lakini ukutani kulibandikwa tangazo: marufuku utani wa aina yoyote eneo la kazi. Aliyetukana na waliotaniana wakatiwa kapu moja.

Nilikutana nao wote wawili sokoni Nachingwea msimu wa ufuta.

"Mama, umetumaliza," Myao akaanza. "Siku hizi tunasaga kokoto kama tuko msibani. Na msibani angalau watani wanachekesha."

Nilimuuliza Mmwera kama msimamizi amemwomba radhi.

"Hajaniomba," akasema. "Jina langu bado hajalijua. Sasa ananiita kwa mluzi."