Pasi Juu ya Kioo

Dereva huyu watu walimwita Taratibu, na kwa jina hilo hakuonewa. Gari lake lilikwenda polepole kiasi kwamba inzi akitua kwenye boneti asubuhi, angepata wajukuu kabla ya kufika mwisho wa safari. Kobe waliwahi kumpigia honi. Lakini miaka ishirini na miwili alikuwa akiwabeba watoto wa shule ya awali, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao akiwa na nundu. Gari lenyewe halikuwa na mkwaruzo. Kila Jumamosi alilipaka nta huku akiliimbia, mpaka mkewe, fundi cherehani, akawa anawaambia wateja wake: "Mke mwenzangu yule pale nje, ana miguu minne na yote ya mpira."

Basi Jumanne moja lori la kokoto likampita mbio, likarusha kijiwe. Ta! Kwenye kioo cha mbele, juu ya usukani, pakatokea kinyota cha ufa kisichozidi punje ya haragwe. Watoto hawakusikia, walikuwa wanagombania dirisha. Taratibu alisikia mpaka kwenye magego.

Alikuwa na bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe. Angewapigia simu siku ileile. Hakupiga. Mwalimu mkuu alikuwa na sheria moja asiyoipindisha: gari lenye ufa kwenye kioo halibebi mtoto. Halafu wazazi wangesemaje? Taratibu naye kapasua kioo? Yule yule? Kwa aibu akanyamaza siku mbili.

Alhamisi mchana, alipokwisha kuwarudisha watoto, akamwambia mkewe, "Ni kadoa tu. Nitakafunika."

"Kwa kitu gani, baba watoto? Nikukatie kitenge?"

"Kwa stika ya bima."

Stika ilikuwa kwenye kona ya upande wa abiria, imeganda kama kupe. Taratibu akaichukua pasi ya mkewe, ingali ya moto, akatandaza kitambaa kibichi juu ya stika, akaipiga pasi kama anayenyoosha kola ya bwana harusi. Gundi ikalegea, stika ikabanduka nzima nzima. Akajisifu kimoyomoyo. Akaihamishia juu ya kile kinyota, na ili ishike sawasawa, akapitisha pasi mara ya pili.

Kioo kikasema kraa.

Ufa ukachomoka chini ya stika, ukakata kioo chote hadi upande wa pili. Tangu linunuliwe, gari lile lilikuwa halijawahi kuwa na kitu chenye mwendo kasi namna ile.

Usiku huo Taratibu hakulala. Ijumaa asubuhi akampigia mwalimu mkuu, akamwambia kioo kimepasuka.

"Pole, mzee wangu," mwalimu mkuu akasema. "Leo wazazi watawaleta wenyewe. Jumatatu njoo na kioo kizima. Ikishindikana nitalazimika kutafuta gari jingine. Nitawaambia nini wazazi?"

Siku tatu. Kununua kioo mwenyewe hakuweza. Kazi ya shule ndiyo iliyolisha nyumba. Akaenda ofisi ya bima kuchukua fomu, akarudi nayo nyumbani, akaketi mbele yake mezani kama mwanafunzi aliyekamatwa. *Tarehe ya tukio.* Kalamu ikagoma.

"Andika jana," mkewe akasema, pini kazibana midomoni. "Andika jiwe. Jiwe si lilikupiga?"

"Lilinipiga Jumanne."

"Jiwe linajua siku? Wakisikia umekaa kimya, halafu ukapiga kioo pasi, watakucheka wakufukuze. Andika jana, baba watoto."

Akaandika jana. Lori la kokoto, jiwe moja, ufa wote. Akaipeleka, karani akaipiga mhuri, na alasiri mkaguzi akafika uani: mwanamke kijana mwenye tochi na lenzi. Akapitisha ukucha kwenye ufa, mwanzo hadi mwisho. Kisha akakunja shingo kuitazama stika.

"Ni jana, baba?"

"Jana, mwanangu."

"Na hilo jiwe lilikupiga chini ya stika?"

Jogoo wa jirani akawika, mtu angesema kalipwa na bima.

"Hiki kinyota kimejaa vumbi," mkaguzi akasema. "Ufa mrefu ni msafi, hauna hata chembe. Hizi ni siku mbili tofauti. Na stika ina alama za nyuzi. Baba, stika hii imepigwa pasi?"

Taratibu akamgeukia mkewe mlangoni. Mkewe akatazama juu, kana kwamba angani kulikuwa na nguo ya kupima.

Taratibu akasema yote, Jumanne, aibu, kitambaa kibichi. Mkaguzi akacheka mpaka akashika boneti, kisha kicheko kikamkatika alipouona uso wa mzee.

"Kile kinyota tungekijaza gundi yake kwa nusu saa, ukaondoka zako. Hata leo, ungeandika hivi ulivyonieleza, ningesaini hapahapa, kwa sababu chanzo ni jiwe. Tatizo fomu inasema jana."

"Nipe nyingine, mwanangu."

"Nitakupa. Ila ya kwanza siwezi kuichana, ina mhuri. Fomu mbili zikipingana, faili linakwenda makao makuu. Wiki tatu, labda zaidi. Na usiguse kioo kabla ya jibu, ukikigusa umepoteza yote."

"Jumatatu je?"

Mkaguzi alimpa fomu mpya na kalamu yake.

Safari hii Taratibu aliandika mpaka nyuma ya karatasi. Mkewe akasoma juu ya bega lake, akasema kwa sauti ndogo, "Andika pia kwamba mimi ndiye niliyekwambia." Hakuandika hilo.

Jumatatu akaenda shuleni kwa miguu. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Watoto hawawezi kusubiri wiki tatu, mzee wangu." Nje kulikuwa na gari jingine, jipya, dereva kijana anafunga milango kwa kishindo. Watoto wakampungia Taratibu mkono, wakadhani naye amekuja kutembea.

Jibu lilifika wiki ya nne: bima imekubali. Fundi vioo akakiweka kioo, kikang'aa kama hakipo. Shule haikumrudisha; dereva mpya alikuwa hajakosea kitu.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, mkewe akasikia gari likiunguruma uani muda mrefu, haliondoki. Akaacha cherehani, akatoka, akakuta mumewe kakaa wima, mikono yote miwili kwenye usukani. Akafungua mlango, akaketi mbele, mahali alipokuwa akikaa mtoto mdogo kuliko wote.

"Twende wapi?" Taratibu akauliza.

"Twende sokoni nikanunue uzi. Na ukaze mwendo kidogo, baba watoto, mwenye gauni anafunga ndoa Jumamosi."

Hakucheka. Akaingiza gia, akatoka uani polepole.